Baba Wawili kwa Msalaba Mmoja

Koko,

Kuanzia bandari ya Kalundu mpaka Luvungi, hakuna mtu aliyezaliwa na mwanamke anayeweza kunishinda kwa kutafuta mtu. Nimesema, na asiyekubali aje. Polisi wakipoteza mwizi wao, waje kwangu. Mtakatifu Petro akipoteza funguo za mbinguni, anipigie simu tu, nitamrudishia kabla hajamaliza kuvaa viatu. Minye, Bienvenu, mjukuu wako, niliyefukuzwa mwaka wa pili wa sekondari kwa sababu nilimwonyesha mwalimu wa hesabu kosa lake mbele ya wasichana, nimemtafuta mzungu aliyekufa kabla Mama hajazaliwa, mwenye umri wa aina tatu na kaburi ng'ambo ya bahari, na nimempata. Nimempata kwa telefone yenye kioo kilichopasuka, nikiwa nimekaa juu ya pikipiki yangu nikisubiri abiria na kutafuna karanga.

Nasikia unavyoguna huko. "Mume wangu, weye uko na kinywa kubwa kuliko ziwa."

Tangu uende hakuna tena mtu wa kuniita mume wake. Wasichana wa Mulongwe nao bado hawajaamka. Wao wananiita Parabole, lile dishi la televisheni, kwa ajili ya masikio haya yaliyosimama, wananiuliza kama leo nashika chaneli za Bujumbura. Zamani nikichekwa nilikuwa nakuja kwako, unayapapasa kwa vidole vyenye harufu ya ndagala, unasema, "Acha wacheke. Yangu njo haya haya." Sasa nikichekwa napiga tu kiki pikipiki yangu, nakwenda.

Habari za nyumbani ni hizi. Jogoo wako amekufa. Kusema kweli tulimla, lakini alikuwa amezeeka na alikuwa na kiburi. Ziwa limerudi nyuma kidogo, mpera wako umesimama tena kwenye udongo, ingawa matawi ya chini yamekauka. Mama Neema jirani amepaka nyumba yake rangi ya kijani ambayo ungeisema mwezi mzima. Kiti chako hakuna anayekikalia. Hakuna aliyekataza. Mama akifagia anakizunguka tu, kama kuna mtu.

Na leo asubuhi tumemaliza kilio chako. Kaburi limepigwa simenti, msalaba umesimama, jina limeandikwa. Ni habari ya hilo jina iliyonifanya nitafute kalamu, minye ambaye tangu shule sijaandika kitu kirefu kuliko namba ya simu ya msichana. Unajua desturi yetu: mtu akizikwa anawekewa kwanza msalaba wa mbao wenye jina la ubatizo tu. Ndugu wakishapumua, siku ya kumaliza kilio, ndipo anajengewa na kuandikwa kamili, fulani, binti wa fulani. Na shida yako wewe ilikuwa hapo, Koko. Binti wa nani?

Wewe ndiye uliyenituma. Ulikuwa mkekani unachambua ndagala, kichwa kinatupwa huku, mchanga unapepetwa kule. Ukafuta mikono kwenye kitenge, ukaingia ndani, ukatoka na mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo kama mtu anayemfunga shetani. Ndani karatasi mbili. Ukasema, "Soma, weye uliyesoma."

Nikasoma. Karatasi ya parwasi: Agata, binti wa Thomas. Karatasi ya komini: Furaha Agata, mzaliwa wa Lubarika, binti wa Kabwika. Na miaka haikupatana. Kwa kanisa ulikuwa mkubwa, kwa serikali ulikuwa umepungua miaka miwili. Nikakuambia, "Bibi yangu, kumbe uliwahi kuwa watu wawili, na bado sahani ya bukari unakula ya mtu mmoja?"

Hukucheka. Ulisema, "Hizi karatasi zinagombana tangu niko musichana. Mama yangu nilimuuliza mara moja, akanipiga kofi, nikaacha. Kabwika njo alinilea, na rangi yangu unaiona. Sasa niko karibu kwenda, na sitaki muandike uongo juu yangu. Unitafutie huyu Thomas ni nani."

Nikajibu nini? "Kesho jioni nakuletea." Kesho jioni! Kana kwamba umenituma chumvi.

Nilianzia parwasi. Sekretere alitaka kuninyima kitabu kwa sababu ya mikono yangu yenye oili, nikaenda kunawa mara mbili. Padri mwenyewe akafungua kile kitabu cha zamani, kurasa zake zimekuwa rangi ya chai, maandishi ya kilatini yamelala upande kama majani ya mpunga penye upepo. Akakupata. Agata, na jina la mama yako, na jina la baba limeandikwa lote: Thomas Garvin. Mbele yake neno moja, Hibernus.

"Maana yake mtu wa Irlande," Padri akasema.

"Irlande iko wapi, mon père?"

"Karibu na Uingereza. Lakini ukikutana nao usiwaambie hivyo."

Nikatoka hapo nimevimba kama chura. Nikaenda komini moja kwa moja kuwaaibisha. Yule karani wa etat sivil, anayeandikisha vizazi na vifo, mwenye tumbo linalofika mezani kabla yake, akapekua, akapekua, akaweka kidole. "Hapa hakuna Thomas. Hapa baba ni Kabwika. Alikuja mwenyewe, akatia kidole chake. Ona."

Kweli, Koko, kidole kilikuwepo. Duara jeusi lenye mistari. Nikamwambia, "Lakini parwasi inasema…"

"Parwasi inajua roho. Siye tunajua watu. Nenda ukamuulize Padri kama roho inalipa kodi."

Watu wote wa foleni wakanicheka. Nilipokusimulia jioni ulicheka mpaka ukashika mbavu. Ukasema huyo karani ungemzaa wewe.

Halafu ile safari ya Luvungi. Hiyo naomba nisiiharakishe.

Mama alisema uzee na pikipiki havipatani. Wewe ukafunga kitenge, ukafunga na kingine juu, ukavaa lile koti la marehemu Babu, ukapanda nyuma yangu. Nikakuambia shika kiuno. Wewe ukashika masikio. Tukapita Kavimvira hivyo, tukapita Kiliba hivyo, kila kizuizi cha barabara askari wanacheka, na wewe unawapungia kama mke wa gavana. "Geuza kushoto," unavuta sikio la kushoto, ilhali barabara imenyooka. Motari wenzangu mpaka leo wananiuliza ile pikipiki yenye usukani wa nyama niliiuza wapi.

Koko Sofia, binti wa Kabwika uliyelelewa naye, tulimkuta anaanika mihogo. Mkashikana mikono mkasahau kuachiana. Nikamweleza tulichofuata. Akaangalia barabarani kwanza, kama hao wa zamani bado wanapita.

"Aah! Wazee walitukataza kusema," akasema. "Lakini wote wamekufa. Sasa nitaogopa nani?"

Ndipo akatoa. Wakati wa Wabelgiji, watoto waliozaliwa na wazungu serikali ilikuwa inawachukua. Gari linakuja kijijini, wanatafuta mtoto mweupe mweupe, wanamtoa kwa mama yake, wanampeleka misioni ya mbali akalelewe na masista, na mama abaki akipiga kelele barabarani. Huyo Thomas alikuwa fundi wa mashine za meli. Alitoka Kigoma upande wa Waingereza, akawa anakuja Kalundu kutengeneza. Wewe ulibatizwa angali yuko hapa. Halafu akaitwa kwao, akaondoka, na baada yake gari likaanza kuja. Mama yako akakimbia nawe mpaka Lubarika kwa kaka yake, Kabwika.

Koko Sofia akasimama kuonyesha, mihogo mkononi. "Baba alichukua masizi ya sufuria, akachanganya na mawese, akakupaka kila mahali, mpaka nyuma ya masikio. Muzungu akashuka kwa gari. Akauliza, 'Huyu ni wa nani?' Baba akasema, 'Ni wangu.' Muzungu akasema, 'Mbona macho yake iko hivi?' Baba akasema, 'Mbona yako iko hivyo? Kila muntu na macho ya kwao.' Akapigwa. Akasema tena, 'Ni wangu.'"

Ili asirudiwe, akaenda biro akakuandikisha. Hapo karani wa siku zile akamwambia haiwezekani, kwa mwaka aliozaliwa huyu umeshaandikisha Sofia, tumbo moja halizai wawili kwa miezi miwili. Kabwika hakuwa mjinga. Akasema, samahani bwana, nimechanganya, huyu Agata alizaliwa nyuma ya Sofia. Akakupunguzia miaka miwili.

"Kwa hiyo serikali inasema weye njo mudogo wangu," Koko Sofia akakuchoma kidole cha kifua, "na minye nimekuita dada maisha yangu yote! Serikali inanicheka!"

Mlicheka. Halafu mmoja wenu akaanza kulia, sikumbuki nani, na mwingine akamfuata. Minye nikajifanya naangalia mnyororo wa pikipiki.

Kurudi hukushika masikio tena. Ulinikumbatia tumbo, kichwa mgongoni. Pale Sange ukaniambia nisimame. Ukashuka, ukasimama kando ya mashamba ya mpunga kitambo, ukasema, "Ile harufu. Ya masizi na mawese. Maisha yangu yote ikinipita njiani nasikia usingizi na woga pamoja. Sikujua ni ya nini."

Nikazima pikipiki, nikaja kusimama kando yako.

Halafu ukasema, "Basi Kabwika namujua. Lakini ule mwengine? Alinitupa, ao alikufa? Alikuwa na sura gani? Endelea, mume wangu."

Nikaendelea. Kumtafuta mtu Irlande ukiwa Uvira ni kama kumwita mtu wa Kigoma kwa mluzi. Kuna mahali kwenye telefone watu wa kule wanakusanyika, kila mmoja anatafuta babu yake; kumbe nao wametawanyika dunia nzima kwa njaa na kwa kazi. Nikaandika kwa kifaransa changu, mashine ikatafsiri. Wa kwanza akanijibu akauliza kama nataka pesa. Wa pili akanicheka. Wa tatu alikuwa mama mmoja anaitwa Noreen, mwalimu aliyepumzika kazi, na furaha yake eti ni kusoma vitabu vya ubatizo. Nikamwambia, "Mama, minye nilimtesa mwalimu wa hesabu." Akajibu, "Nilifundisha hesabu." Basi tukawa ndugu.

Alinieleza kuwa huko kwao wakina Thomas Garvin ni wengi kama wakina Bahati huku. Aliwachuja pole pole. Huyu alikufa mtoto, huyu alikwenda Amerika. Akabaki mmoja, ambaye mama yake aliitwa Agatha, jina ambalo huko si watu wengi wanalo. Agatha, Koko. Alikupa jina la mama yake. Mtu anayemtupa mtoto hampi jina la mama yake, au vipi? Niambie wewe.

Lakini Noreen akaja na malalamiko. Akasema, "Bienvenu, huyu mtu wako ana shida. Kitabu cha parwasi kinasema alibatizwa mwezi fulani. Kitabu cha serikali kinasema alizaliwa mwezi uliofuata." Alibatizwa kabla ya kuzaliwa! Nikamwambia huyo si babu yangu, huyo ni nabii. Akacheka kwa maandishi, halafu akanieleza. Siku zile, kwao, mtoto alipelekwa kanisani upesi upesi, hata kesho yake, asije akafa na dhambi. Lakini biro ya serikali ilikuwa mbali, kuna viazi vya kuvuna, baba anachelewa. Na ukichelewa kuandikisha unalipishwa faini. Kwa hiyo baba anafika, anavua kofia, anamwambia karani, mtoto amezaliwa juzi tu, bwana. Karani anaandika. "Nusu ya kijiji ni hivyo," Noreen akasema. "Ukitaka ukweli, nenda kanisani. Ukitaka kujua watu walimwogopa nani, nenda serikalini."

Koko, nilicheka peke yangu kwenye parking mpaka abiria akanikimbia. Pande zote mbili za ukoo wetu ni watu wa kudanganya karani! Kule viazi, huku masizi. Minye nilifikiri uongo wangu niliuokota barabarani. Kumbe ni urithi.

Halafu akanitumia picha mbili. Ya kwanza, mwanaume amesimama kando ya mashine, mikono myeusi ya oili, hatabasamu. Na masikio yake. Weee, Koko! Masikio yamesimama kama milango iliyosahauliwa wazi. Ya pili, kaburi lake. Alirudi kwao mgonjwa wa kifua, hakuoa, akafa si mzee. Kwenye jiwe wameandika jina lake, na umri ambao haupatani na kitabu chochote kati ya vile viwili, na chini yake neno moja ambalo niliweza kulisoma bila mashine: Tanganyika. Noreen anasema maana yake ni kwamba alitokea huku. Katika kijiji cha mvua na kondoo, ambapo hakuna mtu aliyeliona ziwa letu, kuna jiwe linalolitaja.

Lini hayo yalinifikia, wewe ulikuwa wapi, ngoja. Nitafika. Kwanza msalaba.

Mjomba Zakaria, mwanao wa kwanza, alinikalisha wiki iliyopita na uso wake wa mkutano. Nilikuwa nimeshatangaza mtaa mzima kwamba msalaba wa Koko utakuwa na jina la Irlande, kwamba watu watakuja kuupiga picha. Mjomba akasema, "Weye kijana, unajua lile shamba la Lubarika mama yako analima mpunga, lilitoka kwa nani?"

"Kwa Kabwika."

"Kwa nini Koko alipewa?"

"Kwa sababu ni binti yake."

"Basi andika muzungu pale juu ya simenti. Kesho wajukuu wa Kabwika watakwenda kwa chefu, watasema, twende makaburini, soma, wenyewe wameandika huyu hakuwa wa kwetu. Mama yako atalima wapi? Irlande?"

Nikamjibu vibaya, nisamehe. Nilisema yeye anajali mpunga kuliko mama yake. Macho yakamjaa maji, mwanaume mzima mwenye mvi, nikajiona mdudu. Mama naye akasema tu, "Koko hakutaka uongo." Halafu akarudi jikoni, na mimi nikabaki na nyumba iliyogawanyika katikati.

Leo asubuhi bado hatujapatana. Fundi wa simenti amechuchumaa na msumari wake mkononi, maana jina linachorwa simenti ikiwa mbichi, na jua la Uvira halimngojei mtu. "Niandike nini, wakubwa?" Mjomba anaangalia huku, Mama anaangalia kule. Wote wakaniangalia minye, eti ndiye niliyetafuta. Koko Sofia alikuwa amekaa juu ya jiwe, amekuja na gari la mihogo. Nilitegemea atasema neno, amtetee baba yake. Aliniuliza tu, "Siku zake za mwisho alikuwa anamwita nani?"

Na minye nilijua, maana nilikuwepo. Ulipopandwa na homa ulikuwa unasema, "Baba, mvua inakuja, tuingize mihogo." Ulisema hivyo mara nyingi, kwa sauti ya mtoto. Thomas hakuwahi kuanika mihogo. Mvua ile ilikuwa ya Lubarika.

Nikamwambia fundi, "Andika: Agata Furaha, binti wa Kabwika."

Kila mtu akapumua. Mjomba alinishika bega. Koko Sofia alilia kwa sauti, akalitaja jina la baba yake mara nyingi akiligonga gonga simenti pembeni kwa kiganja, mpaka fundi akamwomba asiache alama, halafu mwenyewe akaziacha bila kuzifuta. Ziko pale, alama za vidole vyake. Nadhani utapenda.

Na usifikiri nilifanya kwa ajili ya mpunga. Uliniambia tusiandike uongo juu yako, na nimesimama pale nikalitazama lile jina, lisije likakauka kabla sijawa na uhakika. Mtu aliyepigwa akasema tena "ni wangu", huyo nani atamwita baba wa uongo? Kama ni uongo, basi ulishakuwa kweli zamani, kabla yangu, kabla ya Mama. Noreen nimemwandikia. Amesema ataenda kwenye kaburi la Thomas Jumapili, atamweleza kuwa una watoto, una wajukuu, na mmoja wao ana masikio yake na kinywa kisichofungwa. Nimemwomba akimweleza azungumze kwa sauti.

Kwa hiyo yote yamekwenda vizuri. Ndivyo nilivyowaambia watu leo wakati wa kula. Nimesifiwa sana. Nimejisifu zaidi.

Sasa nimefika pale nilipokuambia ungoje.

Zile picha zilinifikia ukiwa hospitali. Ulikuwa bado umebakiza siku chache. Nilikuja mbio, pikipiki niliitupa mlangoni bila kuifunga, nikawakuta Mama na Mjomba nje ya chumba. Nikawaonyesha. Mama alifunika mdomo. Mjomba akasema, "Usithubutu kumwambia. Mugonjwa hapewi habari ya wafu. Ukimutajia baba yake leo, baba yake atamwita leo." Mama naye akatikisa kichwa, hivyo hivyo. Atapona kwanza, wakasema. Akirudi nyumbani, akikaa kwenye kiti chake, utamwambia yote.

Minye siogopi kitu, wewe unanijua. Nimepita vizuizi vyenye bunduki huku naimba. Siku ile niliogopa. Niliogopa kwamba jina la mtu aliyekwisha kufa likitoka kinywani kwangu, litakuvuta.

Nikaingia. Ulikuwa umefungua macho. Mkono wako ukanitafuta, ukapata sikio, kama kawaida. Ukasema, taratibu sana, "Mume wangu, umemupata?"

Lala, Koko. Lala, bibi yangu. Mama sitamwacha alime peke yake, na Koko Sofia nitampakia mpaka hapa kila mara atakapotaka kukaa nawe. Ashike masikio akipenda. Na hili nakuahidi kuliko hayo yote: mtu wangu yeyote akiniuliza tena akiwa kitandani, hata dunia nzima inizuie mlangoni, nitamjibu. Leo, walipoondoka wote, nililala kifudifudi juu ya simenti yako nikalitamka: Thomas Garvin, fundi wa meli, alikupa jina la mama yake. Nikalirudia. Simenti ilikuwa imeshakauka.

Kabwika alimdanganya mkubwa wa serikali. Baba yake Thomas alimdanganya karani. Minye nilikudanganya wewe. Telefone ilikuwa mfukoni, na uso wake ndani. Uliniuliza umemupata, nikakuambia, "Bado, Koko. Kunywa uji."

Na wewe ukanywa.